Oili Ndiyo ya Mwisho Kuzimwa

Leo nakupeleka Queensland, nchini Australia, karibu na mji mdogo unaoitwa Biloela. Hapo pana kituo cha umeme cha Callide C, kinachochoma makaa ya mawe, na ndani yake mna mashine ya mvuke inayojulikana kwa jina la C4, yenye uwezo wa zaidi ya megawati 400. Tarehe 25 Mei 2021, saa 7 na dakika 33 mchana, mvuke uliokuwa ukiizungusha ulikatika. Mashine ya mvuke ikikosa mvuke hupungua mwendo taratibu hadi isimame. Ile haikupungua. Iliendelea kuzunguka karibu mizunguko 3,000 kwa dakika, bila mvuke na bila oili, na pale kituoni hakukuwa na njia ya kuizima. Ilikwenda hivyo kwa dakika 33 au 34. Kisha shafti yake ikakatika vipande.

Hakuna aliyeumia. Nalisema mapema usije ukanisikiliza roho ikiwa juu.

Nitarudi Biloela, ila kwanza nikueleze turbaini ya mvuke inazimwaje pale mambo yanapokwenda sawa. Sisi wengine kuzima tunakujua kwa swichi ya ukutani. Kwa watu wa mitambo, kuzima ni kazi inayoanzia zamu ya asubuhi na kukabidhiwa zamu ya usiku, na kesho yake mchana bado utamkuta mtu na daftari anaandika nyuzi za joto za chuma kilichotangazwa jana kuwa kimezimwa.

Chukua mashine kubwa ya kituo cha makaa. Mvuke unaingia ukiwa na joto la nyuzi 540 za Selsiasi hivi, unapiga mapanga yaliyopangwa safu kwa safu kwenye shafti moja ndefu, unatoka upande wa pili ukiwa umechoka, na unapozwa ndani ya kondensa uwe maji tena. Shafti hiyo pamoja na mapanga yake ina uzito wa makumi ya tani. Imelazwa juu ya beringi, lakini ikiwa kasi kamili haigusani nazo: kati ya chuma na chuma pana utando wa oili mwembamba mno, na makumi ya tani yote yanaelea juu ya utando huo. Ndani ya beringi kumepakwa madini laini yenye bati, aina aliyoibuni Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839, na madini hayo huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 240. Zilinganishe nyuzi 240 na zile 540 za mvuke, halafu kumbuka kwamba vitu hivyo viwili vinakaa kwenye shafti moja. Oili hailainishi tu. Inabeba joto linalotambaa kutoka upande wa mvuke kabla halijafika kwenye beringi, na kazi hiyo haiishi pale mashine inaposimama.

Uzimaji wa kawaida huanza kwa kupunguza mzigo. Fundi anashusha megawati kidogo kidogo, na boila nayo inapunguza moto kwa mwendo uleule. Ukishusha ghafla, rota inapoa na kusinyaa haraka kuliko ganda zito lililoizunguka, na nafasi kati ya mapanga na ganda ni ya milimita chache. Kwa hiyo macho ya chumba cha kuongozea mitambo yanakuwa kwenye tofauti ya kutanuka kati ya vitu hivyo viwili kuliko yanavyokuwa kwenye megawati.

Mzigo ukiwa unashuka, na kabla mvuke haujakatwa, pampu za oili hujaribiwa. Nakuomba usikilize hapa kwa makini. Mashine inapokwenda kasi, pampu kuu ya oili mara nyingi huendeshwa na shafti yenyewe. Shafti ikipunguza mwendo, pampu hiyo nayo inalegea, na pampu ya umeme wa kawaida inapokea kazi. Umeme wa kawaida ukikosekana, iko ya tatu, pampu ya dharura, inayokula umeme wa betri. Taratibu za kazi hutaka pampu hizo ziwashwe na presha zake zisomwe wakati mashine bado ina mvuke, ili ikionekana moja haifanyi kazi, watu wasimamishe uzimaji na kuitengeneza. Mvuke ukishakatwa huna tena nafasi ya kubadili mawazo, maana mashine iko njiani kusimama na itasimama, oili iwepo isiwepo.

Sasa tunafika kwenye kukata. Kuna vitu viwili vya kukata: mvuke unaoingia kwenye turbaini, na breka kubwa inayounganisha jenereta na gridi. Uanze na kipi? Mtu asiye wa kazi hiyo angeanza na gridi, akidhani anaondoa mzigo kwanza. Kumbe gridi ndiyo inayoishika mashine isikimbie. Ukifungua breka wakati vali moja ya mvuke imekwama wazi, hata kama ni wazi kidogo, nguvu ya mvuke haina tena pa kwenda isipokuwa kwenye mwendo, na mashine ya mizunguko 3,000 hupita kiwango chake cha usalama kwa sekunde chache. Kinga ya mwendo kasi kwa kawaida huwekwa karibu na asilimia 110, yaani mizunguko 3,300, na yenyewe inategemea vali hizohizo zifunge.

Ndiyo maana katika uzimaji wa kawaida mvuke hukatwa kwanza. Vali zinafungwa, kisha watu wanasubiri kidogo waone umeme umegeuka njia. Jenereta iliyokuwa ikiipa gridi umeme sasa inaanza kuchota umeme kutoka gridi, ikigeuka kuwa mota. Kugeuka huko ndiko kunakothibitisha kwamba mvuke umekatika kweli, maana taa ya kijani kwenye skrini inaweza kusema vali imefungwa na vali isiwe imefungwa. Mita ikishaonyesha umeme umegeuka, breka inafunguliwa. Hapo hakuna kuchelewa pia. Mapanga ya mwisho, yale marefu, yakizunguka bila mvuke unaopita yanakoroga mvuke uliobaki na kuchemka kwa msuguano. Hali hiyo huvumiliwa kwa sekunde, na ikizidi sana ni dakika moja au mbili. Dakika 34 za Callide nadhani sasa zimeanza kukuonyesha sura yake.

Breka ikifunguka, shafti inaachwa ijiendee. Inapungua mwendo kwa muda wa nusu saa hivi, pengine zaidi, kutegemea mashine, na zamu yenye nidhamu huandika muda huo kila inapozima. Mimi hesabu hiyo naipenda kuliko skrini zote za rangi. Ikiwa safari hii mashine imesimama mapema kuliko kawaida yake, kuna kitu kinagusa, au beringi imeanza kuchubuka. Ikiwa imechelewa sana, huenda kuna vali inayovujisha mvuke. Saa ya ukutani na daftari vinatosha kukuambia yaliyomo ndani ya chuma kilichofungwa. Njiani shafti hupitia mwendo fulani ambao inatikisika kuliko kawaida, na hapo haitakiwi kuzubaa.

Kuhusu ombwe la kondensa nitapita haraka. Upande wa kutokea mvuke hauna hewa, na hilo ombwe halivunjwi mpaka mwendo umeshuka, isipokuwa kuna dharura na unataka hewa iingie iwe breki. Mvuke mdogo unaoziba pembeni mwa shafti haukatwi kabla ombwe halijaisha. Ukiukata mapema, hewa baridi itafyonzwa na kupita juu ya chuma cha moto, na chuma hicho hakisahau.

Shafti ikikaribia kusimama, mtu wa nje angeona kazi imekwisha. Kwa fundi ndiyo inaingia sehemu yake nyeti. Joto linapanda juu, na ndani ya ganda la mashine iliyosimama, upande wa juu wa shafti unabaki wa moto kuliko wa chini. Ukiiacha imetulia itajikunja, kama ubao mbichi ulioanikwa juani upande mmoja. Mkunjo wa sehemu ndogo ya milimita hauonekani kwa macho, lakini ukiiwasha mashine ikiwa hivyo itatikisika na kukwangua ganda. Kwa hiyo shafti haiachwi isimame. Oili ya presha kubwa inaingizwa chini yake kuinyanyua, mota ndogo yenye gia inashikana nayo, na inazungushwa polepole sana, mizunguko michache tu kwa dakika katika mashine nyingi, mchana na usiku. Katika mashine kubwa zoezi hili linaweza kuchukua siku nzima na zaidi, mpaka chuma kishuke hadi joto ambalo mtengenezaji ameandika kwenye kitabu chake. Muda wote huo oili inapita. Jenereta ikiwa ni ya kupozwa kwa haidrojeni, oili ya kuzibia gesi hiyo nayo haiguswi, kwa sababu haidrojeni ikivuja na kukutana na cheche ni moto.

Hizi si habari za makaa ya Australia peke yake. Olkaria, karibu na Naivasha, turbaini za mvuke zinazunguka tangu 1981, ilipowashwa ya kwanza kati ya tatu za megawati 15. Mvuke wa Olkaria unatoka ardhini na joto lake ni la chini kuliko la boila ya makaa, hivyo chuma hakiteseki kiasi kile, lakini una ukaidi wake: boila unaweza kuipunguzia moto, kisima cha mvuke hakina moto wa kupunguza. Mashine ikijizima ghafla, mvuke lazima upelekwe kwingine mara moja, na hutolewa hewani kwa kishindo. Kinyerezi II ya Dar es Salaam, ya megawati 240, ina mpango wa tatu. Mashine za gesi zinatoa moshi wa moto, moshi unachemsha maji, na mvuke unazungusha turbaini nyingine. Hapo turbaini ya mvuke inaweza kuzimwa huku za gesi zikiendelea, mradi mvuke upewe njia ya pembeni. Sheria ya oili ni ileile kote.

Basi turudi Biloela. Siku ile ya Mei mafundi walikuwa katika kazi ambayo haikuonekana ya hatari: kuingiza kazini chaja mpya ya betri. Umeme wa betri katika kituo ndio unaoendesha kinga, unaofungua breka, na unaosukuma pampu ya oili ya dharura. Wakati wa zoezi hilo betri za C4 zenyewe zilikuwa hazijaunganishwa, na mfumo ule ulikuwa umeegemezwa kwenye umeme wa sehemu nyingine ya kituo. Ilipofika hatua ya kuuondoa ule wa kuegemea, chaja mpya ilitakiwa ibebe mzigo palepale. Haikuubeba. Volteji ikaporomoka, na mporomoko huo ukaichanganya kinga mojawapo, ikakata umeme wa kawaida wa C4.

Sasa angalia mduara ulivyojifunga. Chaja ilikuwa inakula umeme huohuo wa kawaida uliokatwa. Umeme wa kawaida umekwenda, chaja imekufa. Chaja imekufa na betri hazipo, umeme wa betri nao umekwenda. Kifaa ambacho kingehamisha mzigo kwenda chanzo kingine chenyewe kilikuwa kimeharibika na hakikuwa kazini. Ndani ya muda mfupi sana mashine ya megawati 400 na ushei ikawa haina pampu ya oili ya kawaida wala ya dharura, haina kinga, na haina nguvu ya kufungua breka yake. Vali za mvuke zilifunga, kwa sababu zimeundwa zifunge zenyewe zikikosa nguvu. Breka haikuundwa hivyo. Ilibaki imefungwa, imeshikana na gridi, na gridi ya Queensland ikaanza kuizungusha jenereta kama mota.

Hapo ndipo ile hatua ya kawaida niliyokueleza, ya umeme kugeuka njia kwa sekunde chache, ilipogeuka kuwa nusu saa na ushei. Beringi zilikuwa zikizunguka kwenye oili iliyobaki, kisha bila oili. Haidrojeni ilikosa wa kuizuia. Watu waliondolewa kwenye jengo, na uamuzi huo nauheshimu kuliko ushujaa wowote ambao mtu angeufanya kwa kubaki. Saa 8 na dakika 6 shafti ilikatika. Kipande cha tani 2 kilirushwa mita 5. Ile gia ya kuzungushia shafti polepole, kitu chenye kilo zaidi ya 300 ambacho kazi yake yote ni kuilinda mashine isijikunje, ilitoka kwa kupitia paani.

Kilichofuata kiliikumba Queensland nzima. Mtikisiko wa umeme uliangusha mashine nyingine, ikapotea jumla ya megawati 3,045 za uzalishaji, na wateja zaidi ya 400,000 wakakosa umeme mchana ule.

Uchunguzi uliofanywa na mhandisi Sean Brady na kampuni yake ulitolewa hadharani mwaka 2024. Ulieleza ufundi wa ajali kama nilivyokusimulia, kisha ukaenda kwenye uongozi: mwendeshaji wa kituo hakuwa na utaratibu madhubuti wa usalama wa mchakato, ule unaomlazimisha mtu, kabla hajaidhinisha kazi ya chaja, aulize ni nini kitabaki kikilinda mashine iwapo chaja haitaitika. Nakubaliana na hilo, ila naongeza langu. Chaja ya betri haina heshima kituoni. Waheshimiwa wakija kuzindua hupelekwa kwenye turbaini inayong'aa. Sijasikia utepe uliokatwa mlangoni mwa chumba cha betri. Kazi ya chumba kile hupangwa kama kazi ndogo, na ndogo inaruhusiwa kufanyika mashine ikiwa na mzigo kamili. Kuibadilisha ile chaja C4 ikiwa imezimwa na kupoa kungekula saa nyingi za megawati. Hesabu hiyo leo ni rahisi kuifanya, najua, kwa kuwa tunajua jibu.

Msikilizaji wa huku anaweza kuniuliza: sisi ajali ya namna hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu gridi zetu zina tabia ya kuzima mashine bila kuomba ruhusa. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliingia kituo cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma, na Kenya nzima ikawa gizani. Tumbili mwenyewe alinusurika, akakabidhiwa watu wa wanyamapori. Tarehe 25 Agosti 2023 usiku giza liliikumba tena sehemu kubwa ya Kenya, na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. Sisi nyumbani tunatafuta mishumaa na kulalamika. Fikiria aliye zamu kwenye mashine ya mvuke wakati huo. Gridi imemwacha ghafla, mwendo unataka kupanda, vali zinafunga, na umeme wa kituo chenyewe umekwenda na gridi. Hana nafasi ya kupunguza mzigo taratibu wala ya kujaribu pampu. Alichonacho ni pampu ya dharura na betri zilizochajiwa jana na juzi na aliyemtangulia, na nusu saa ya shafti nzito inayojiendea gizani.

Kwa hiyo kipimo changu cha kituo ni kidogo. Kama una kijana anayekwenda mafunzo kwa vitendo kwenye mitambo ya mvuke, iwe ni kiwanda cha sukari chenye turbaini ya megawati chache au kituo kikubwa cha taifa, mwambie asianze kwa kuuliza megawati. Aombe kuoneshwa chumba cha betri. Aulize pampu ya oili ya dharura iliwashwa lini mara ya mwisho, na kama iliwashwa kwa betri zenyewe au kwa chaja inayozisaidia kwa nyuma, kwa sababu majaribio hayo mawili hayafanani hata kama karatasi inayajaza kwa alama ileile. Kisha aombe daftari la muda ambao shafti huchukua hadi kusimama, alinganishe mwaka huu na mwaka jana. Akiambiwa daftari hilo halipo, asibishane na wakubwa. Anunue lake, na mara ya kwanza mashine itakapozimwa mbele yake, aangalie saa na aandike.

C4 ilirudi kazini mwezi Agosti 2024, miaka mitatu na miezi kadhaa baada ya ule mchana wa chaja.